Kwenda Bukini kuwaona lemuri: maelekezo ya safari fupi kwa mtu wa Mombasa

Watu wanaponijia kuuliza habari za safari ya lemuri, wale wanyama wa mitini walio jamaa wa komba, swali lao la kwanza huwa nauli. Mimi huwarudishia langu: una asubuhi ngapi za kukaa msituni? Maana Madagaska, Bukini ya wazee wetu, ni kisiwa kikubwa kuipita hata Kenya nzima, na barabara zake zinachosha. Mwenye siku nne au tano akitaka kukizunguka atarudi Mombasa akiwa ameona migongo ya malori tu. Ikiwa siku zako ni chache, chagua msitu mmoja na ukae hapo hapo. Ninaoupendekeza ni Andasibe, mashariki ya mji mkuu Antananarivo, na humu sitaueleza mwingine.

Mimi ni mwongoza watalii, mkaazi wa Likoni. Riziki yangu iko Shimba Hills, Tsavo na kwa mbega wa Diani, lakini nafasi ikipatikana huandamana na vikundi vidogo vya watu wa hapa hapa, walimu, wauguzi, akina mama wa chama, kwenda Bukini. Wengi hudhani safari hii ni ya Wazungu. Si kweli. Sisi ndio tulio karibu, bahari yetu ni moja, na saa za Antananarivo ni zile zile za Mombasa, hata mshale wa saa huusogezi.

Kabla hujakata tiketi, mtafute komba kwanza. Komba wetu ni jamaa wa damu wa lemuri, na anayemjua komba huingia msitu wa Andasibe akiwa na nusu ya elimu. Mababu wa lemuri walivuka bahari kutoka Afrika zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita. Wataalamu wengi wanaona walibebwa na magogo na vichaka vilivyong'olewa na mito. Huko walikofikia hapakuwa na nyani wala tumbili wa kugombea nao chakula. Wakashika mchana na usiku, matunda na majani, mabonde na majabali, mpaka leo zinahesabiwa aina zaidi ya 100. Komba waliobaki huku bara walishikilia usiku.

Basi usiku mmoja, baada ya Isha, nenda penye miembe mikubwa au minazi inayogemwa, Diani, Kwale, au hata Kisauni ya ndani. Wagema wanamjua vizuri mgeni huyu anayepanda kuonja tembo kabla yao. Chukua tochi, na usiishike kiunoni. Iweke kando ya jicho lako, usawa wa kipaji cha uso, kisha umulike matawi polepole, tawi baada ya tawi. Nyuma ya jicho la komba kuna utando unaourudisha mwanga kule kule ulikotoka, kwa hivyo mwanga ukitokea karibu na jicho lako ndipo utayaona yale macho mawili yakiwaka rangi ya chungwa. Ukiishika tochi chini, mwanga unarudi chini na wewe huoni kitu. Ukishayapata macho, peleka mwanga pembeni kidogo, mnyama aonekane bila kupofushwa. Fanya hivyo mpaka mkono uzoee. Kule Bukini utamtafuta kwa njia hiyo hiyo lemuri mwenye uzito wa gramu 40 na kitu, kwenye giza lenye mvua, na hutapata muda wa kujifunza.

Makaratasi si mengi. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, na ile kadi ya njano ikae ndani ya pasipoti, isiwe ndani ya begi kubwa. Viza ya kitalii hutolewa uwanja wa ndege wa Ivato, uwe na euro au dola taslimu. Dawa ya kukinga malaria muulize daktari mapema, na usijidanganye kwamba kuzaliwa Pwani kunatosha. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa. Utapitia Nairobi, na kutoka hapo hadi Antananarivo ni saa tatu na nusu hivi angani. Ukienda Nairobi kwa gari moshi la Miritini, panda siku iliyotangulia, usiunganishe siku moja. Pesa badilisha pale pale Ivato uchukue ariari za kutosha, kwa sababu M-Pesa yako haitakusaidia na huko msituni kila kitu kinalipwa mkononi.

Miezi mizuri ni Septemba hadi Novemba. Mvua bado si kubwa, watoto wa indri, wale lemuri waimbaji wa Andasibe, waliozaliwa katikati ya mwaka wameanza kupanda mgongoni mwa mama zao, na wale lemuri wadogo wanaolala miezi kadhaa kwa kutegemea mafuta ya mkiani wanakuwa wameamka. Januari hadi Machi ni majira ya vimbunga, na pwani ya mashariki ndiyo inayopigwa zaidi, achana nayo. Juni hadi Agosti unaweza kwenda, lakini jiandae kwa baridi. Andasibe iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nimewaona watu wa Mombasa wakifika na shati moja jepesi kwa sababu wamesikia neno “tropiki”. Chukua sweta nzito, koti la mvua, suruali ndefu na soksi ndefu za kuingizia ncha za suruali ndani, maana wakati wa mvua ruba wako kwenye majani na wanapenda kifundo cha mguu. Ukikuta amekung'ang'ania, mbandue kwa ukucha ukianzia upande mwembamba, ndio wenye mdomo. Chukua leso pia, ya kujifuta, ya kukalia gogo lenye maji, ya kufunikia darubini. Kuhusu darubini, ya 8x42 yatosha. Zenye nguvu zaidi hutikisika mkononi na huleta giza chini ya miti.

Kutoka Antananarivo hadi Andasibe ni kilomita 140 na kitu, na mtu husema hizo ni za saa mbili. Hesabu nne au zaidi. Barabara hiyo ndiyo iendayo Toamasina, bandari kuu ya kisiwa, na kontena zote za mji mkuu hupanda milima hiyo kwa malori. Aliyewahi kukwama Mariakani nyuma ya foleni ya malori yanayotoka Kilindini ataijua hali. Kodi gari pamoja na dereva wa huko, kwa sababu wao huendesha upande wa kulia na kona hazihesabiki. Daladala za huko zipo na ni rahisi, lakini kwa safari fupi zitakumalizia siku. Njiani, karibu na mji wa Moramanga, simameni mpate chakula. Wamalagasi hula wali asubuhi, mchana na jioni, na baada ya chakula utaletewa maji ya moto yaliyochemshwa ndani ya sufuria yenye ukoko wa wali, ya rangi ya kahawia hafifu, yana harufu ya kuungua kidogo. Kunywa. Yanaburudisha tumbo la safari, na kwa sababu yamechemka hayana wasiwasi. Kwa sisi Waislamu, huku mashambani usitafute nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wetu. Agiza samaki, mayai, maharage, uende zako.

Sasa tuje kwa mwongozaji, kwa sababu hapo ndipo safari inapokuwa safari au inapokuwa matembezi ya kulowa maji.

Hifadhi ya Taifa ya Andasibe-Mantadia ina sehemu mbili. Analamazaotra ni ndogo, iko karibu na kijiji, na jamii za indri za humo zimezoea watu. Mantadia ni kubwa, mbali zaidi, yenye miteremko mikali. Mwenye asubuhi mbili aende Analamazaotra zote mbili, au moja kati yake aende kwenye misitu inayotunzwa na wanakijiji wenyewe, ya VOIMMA na ya chama cha Mitsinjo. Mwongozaji ni sharti la hifadhi, huruhusiwi kuingia peke yako, na mimi nalipenda sharti hilo kwa moyo wote. Hapa si kama Shimba Hills, ambako miguu yako inamtegemea askari mwenye bunduki kwa ajili ya tembo na nyati. Bukini haina tembo, haina nyati, haina chui. Mwongozaji unayemlipa hapa ni sikio na jicho.

Nenda ofisi ya lango jioni ya siku unayofika, usisubiri asubuhi. Uliza nani anaongea lugha unayoielewa. Kifaransa ni kingi, na Kiingereza kipo. Uliza wataingia watu wangapi na mwongozaji mmoja. Wakizidi wanne, lipia wa pili. Kisha muulize yeye mwenyewe kesho mtaanzia kwa jamii ipi ya indri, na leo walilala wapi. Anayejua kazi atakujibu bila kufikiri, kwa sababu kila jamii ina eneo lake na yeye huzifuata kila siku. Anayejua kazi pia atakuuliza kuhusu magoti yako, viatu vyako, na kama unaogopa mteremko. Mtu wa namna hiyo mshike.

Na jambo moja mwambie mapema, kwa heshima: asicheze sauti ya indri kwenye simu ili wamjibu. Indri huimba kulinda mipaka. Akisikia sauti ngeni ndani ya eneo lake anaamini ameingiliwa, anaacha kula, anahangaika kumtafuta adui asiyekuwepo. Anakula majani, chakula kisicho na nguvu nyingi, na nguvu hizo chache hazifai kupotezwa ili mimi na wewe tupate video. Hata Diani siwaiti mbega kwa sauti. Mwongozaji akijua mgeni wake hataki, huwa anafurahi, kwa sababu wengi hufanya hivyo kwa kuogopa mgeni atanung'unika.

Anzeni saa moja asubuhi. Indri huimba zaidi kati ya saa moja na saa tano, na anayefika saa tatu na nusu baada ya kifungua kinywa kirefu huenda akawakuta wameshaimba na kutulia majanini. Mtatembea kwenye njia, halafu mwongozaji ataiacha njia, na hapo ndipo soksi zako zitakuwa na maana. Shika mashina, usishike matawi membamba, mengi yameoza. Simu iwe kimya. Vaa rangi tulivu. Nguo ya manjano inayong'ara huonekana kutoka juu kabla hujafika. Mwongozaji akisimama, simama. Akigeuza kichwa, sikiliza upande huo. Mara nyingi huanza kusikika mlio mdogo wa vikonyo vya majani vikidondoka chini, na hiyo ndiyo dalili kwamba kuna mtu anakula juu.

Indri ndiye lemuri mkubwa kuliko wote walio hai, kilo 6 hadi 9, mweusi na mweupe, masikio yana manyoya kama ya dubu wa kuchezea. Mkia wake ni kigutu tu. Hukaa wima, amelikumbatia shina, na ukimtazama vizuri kwa darubini usikimbilie uso. Tazama mguu. Kidole gumba cha mguu kimetengana sana na vingine, kinalibana shina bila kujitahidi, na mwili wote umening'inia hapo ametulia. Kisha anajisukuma kwa miguu ya nyuma, anageuka hewani, na anatua shina jingine akiwa wima vile vile. Mita 10 kwa mruko mmoja si ajabu. Jike ndiye mkubwa wa nyumba, hula kwanza mahali penye majani mazuri, na huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Hesabu hiyo ya uzazi ikumbuke, maana ndiyo inayofanya jamii moja ikipotea isirudi upesi.

Wimbo huanza kwa mngurumo wa koo, jamii yote kwa pamoja. Ndipo sauti zinapanda, ndefu, nyembamba, zikishuka hatua kwa hatua. Dume na jike wanapokezana, wanaingiliana, watoto wakubwa nao wakitia zao. Husikika kilomita mbili na zaidi, na mara wanapomaliza jamii nyingine inajibu kutoka bonde la pili. Mwaka 2021 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Turin walichapisha kwamba nyimbo hizi zina mpangilio wa mapigo unaopatikana pia katika muziki wa binadamu. Ukiwa chini yao sauti unaihisi kifuani. Usirekodi mara ya kwanza. Sikiliza kwanza, rekodi ya pili.

Mama mmoja mzee wa Majengo, aliyekuja na mwanawe, alinishika mkono wimbo ulipokwisha.

“Mwanangu, hawa walikuwa wakilia au wakiimba?”

“Wakiimba, mama. Wanawaambia majirani mpaka wao uko hapa.”

Akawaza kidogo. “Basi hii ndiyo hati yao ya shamba.”

Kwa mtu wa Pwani, hakuna maelezo yaliyo wazi kuliko hayo, na tangu siku hiyo nawaeleza wageni wangu hivyo hivyo.

Vikundi vingi hupiga picha wakaondoka. Nyinyi kaeni. Mwambieni mwongozaji mnataka nusu saa zaidi hapo hapo, na mlipie muda huo. Katika nusu saa hiyo indri watasahau kuwa mpo, watoto wataanza kucheza, na huenda sifaka wakapita, wale lemuri wenye manyoya ya dhahabu mikononi na miguuni na taji jeupe usoni. Sifaka hao walikuwa wametoweka Analamazaotra, wakarudishwa miaka ya 2006 na 2007 kutoka misitu iliyokuwa ikikatwa. Utaona pia lemuri wa kahawia na lemuri wa mianzi, hao si wagumu. Yule mwenye mkia wa pete nyeusi na nyeupe, ambaye watoto wote wanamjua, usimtafute hapa. Nyumbani kwake ni kusini kukavu, na waambie watoto hilo kabla ya safari wasije wakavunjika moyo.

Usiku ndani ya hifadhi hapaingiliki. Matembezi ya usiku hufanywa kando ya barabara inayopakana na msitu, au kwenye misitu ya wanakijiji. Chagua ya wanakijiji. Anza giza likishika tu, na yale mazoezi ya komba sasa yanalipa: lemuri panya huonekana kwanza kama nukta mbili, chini zaidi ya unavyotarajia, mara nyingi usawa wa bega, kwenye vijiti vyembamba. Lemuri wenye manyoya kama sufu hukaa wawili watatu wamebanana. Vinyonga wanalala kwenye ncha za matawi, weupe mbele ya tochi, na mwongozaji akitaka kumng'oa mmoja akuwekee mkononi, kataa.

Kataa pia mwaliko wa kwenda visiwa vidogo vya mahoteli ambako lemuri hurukia mabega ya watu kwa ajili ya ndizi. Wengi wa wanyama hao walikuwa wamefugwa majumbani, na hali yao inasikitisha, lakini picha ya lemuri begani ndiyo inayomfanya mtu mwingine atamani kumfuga. Indri hafugiki kabisa. Hakuna bustani ya wanyama popote duniani inayomfuga, walijaribu, wakafa. Msitu huu na ile mingine ya mashariki ndiyo iliyobaki, na njiani umeona magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitangaza kwamba kati ya aina 107 za lemuri, 103 ziko hatarini, na 33 kati yake ziko ukingoni mwa kutoweka. Indri ni mmoja wa hao 33.

Ndiyo maana nasisitiza mambo ya malipo. Wenyeji wengi wa eneo la Andasibe wana mwiko wa kale wa kumuua indri, ambaye wao humwita babakoto. Aliyewahi kuingia msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, akafungwa kaniki nyeusi na kuambiwa asitoke na hata jani, hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini mwiko haulishi watoto, na anayepanda mpunga kwenye kilima kilichochomwa anafanya hivyo kwa njaa. Tiketi ya hifadhi ilipe ofisini upewe risiti. Ada ya mwongozaji ikubaliwe kabla ya kuingia. Bakshishi mpe mwenyewe mkononi mwisho wa matembezi, na kama alikuwepo kijana aliyetangulia kuwatafuta indri, yeye mpe ya kwake kando, usimwachie mwenzake amgawie. Neno la shukrani ni “misaotra”. Siku yako ya pili ukiweza ipeleke VOIMMA au Mitsinjo, ambako fedha hubaki kijijini, na wana vitalu vya miche ya miti ya asili unavyoweza kutembelea.

Kurudi, ondoka Andasibe mapema na ulale Antananarivo karibu na Ivato usiku wa kuamkia safari. Ajali moja ya lori kwenye kona inaweza kufunga barabara kwa saa nyingi, na ndege haitakungojea. Vanila nunua, ni ya huko na ni nzuri. Usinunue kitu chochote cha gamba la kobe wala kipande cha ule mti mwekundu wa thamani, hata uambiwe ni cha zamani. Na usiku huo huo hotelini osha buti zako, toa tope lote kwenye soli kwa mswaki wa zamani na uzianike, maana mbegu na vimelea husafiri ndani ya tope, na wiki inayofuata huenda ukazivaa Shimba Hills.